Kapuściński na Msomaji Aliyekuwa Mbali



Majalada ya vitabu vya Ryszard Kapuściński, mwandishi Mpolandi aliyefariki mwaka 2007, hupenda kutaja hesabu: mapinduzi 27 aliyoyashuhudia, hukumu nne za kifo alizoponea chupuchupu. Nitaziacha zilale. Mchapishaji ana haki ya kupamba bidhaa yake. Mimi nataka kuuliza huyu bwana alikuwa akimwandikia nani. Nimemsoma kwa miaka mingi, na naona kwamba uhondo wake na makosa yake vinachimbuka mahali pamoja: msomaji wake alikuwa mbali mno, asingeweza kuja kuhakiki.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 huko Pińsk, mji uliokuwa Polandi na leo uko Belarus. Wazazi wake walikuwa walimu. Septemba 1939 jeshi la Kisovieti likaingia, na muda si mrefu watu wakaanza kusombwa kwa mabehewa kupelekwa Siberia. Katika Imperium, kitabu cha mwaka 1993, anasimulia jinsi watoto wa Pińsk walivyopanga foleni usiku kucha kwenye baridi kali kwa sababu ilivuma kwamba peremende zitauzwa. Duka lilipofunguliwa, kilichouzwa kilikuwa makopo matupu ambayo peremende zilikuwamo zamani. Akabeba lake nyumbani, likamiminwa maji ya moto, wakanywa ule utamu uliokuwa umegandia pembeni.

Familia yake iliwahi kukimbilia upande wa Warsaw. Wengi wa maeneo yale ya mashariki hawakuwahi. Baadhi yao, baada ya Siberia na Iran, waliletwa Tengeru, karibu na Arusha. Walikuwa takriban 5,000, na makaburi ya Wapolandi yapo pale hadi leo. Kwa hiyo Kapuściński alipotua Tanganyika miaka ishirini baadaye, alikuwa amechelewa kidogo kuliko watu wa kwao.

Alikuja mwaka 1962, kijana wa miaka 30, kufungua ofisi ya PAP, shirika la habari la Polandi, jijini Dar es Salaam. Mji ulikuwa umejaa wapigania uhuru. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa humo Juni ya mwaka uleule, na barazani pa hoteli ya New Africa mtu aliweza kukutana na watu ambao baadaye wangekuwa marais. Waandishi wa Reuters na AFP walikuwa na fedha. Yeye alikuwa na posho ya kubana na nchi lukuki za kuripoti. Oktoba akaenda kwa gari hadi Uganda, nchi ilipokuwa ikipata uhuru wake, na huko akaangushwa na malaria iliyompanda kichwani. Hajasimama vizuri, kifua kikuu kikamfuata. Akijua kwamba akirudi kwao nafasi ile haipati tena, alibaki Dar, akatibiwa bure katika kliniki ya manispaa pamoja na watu wa kawaida wa mji. Anaandika katika Heban, kitabu cha 1998, kwamba ugonjwa ndio uliomsogeza karibu na wenyeji. Mimi namwamini. Kurasa zile zina majina, zina vitanda, zina kikohozi.

Januari 1964, mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea na uwanja wa ndege kufungwa, anasema alipiga simu mnara wa kuongozea ndege, akamwomba Abeid Karume mwenyewe ruhusa ya kutua. Akaipata. Habari kama hiyo humfanya mwandishi wa vita ajulikane katika fani yake, lakini haimfanyi asomwe baada ya miaka hamsini. Kwa hilo inabidi twende Luanda.

Kitabu cha Luanda kinaitwa Jeszcze dzień życia, yaani “siku moja zaidi ya kuishi”, na kilitoka 1976. Angola ilikuwa ipate uhuru tarehe 11 Novemba 1975, Wareno wakawa wanaondoka kwa maelfu, kila familia ikiwa imefungasha maisha yake ndani ya makasha ya mbao. Makasha yalirundikana hadi yakawa mji wa pili kando ya mji, kisha mji ule wa mbao ukapakiwa melini na kwenda zake. Nyuma yake zikabaki taka zisizozolewa, na mbwa wa kifahari wasio na bwana wakizurura mitaani. Usiku Kapuściński alikaa hotelini Tivoli kwenye mashine ya teleksi, akisubiri Warsaw iitike.

Halafu akatoka kwenda kwenye mapigano. Hakuna asiyesimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani, na wapiganaji hawana sare za kuwatambulisha. Watu wa chama cha MPLA husalimiana “camarada”. Mahasimu wao wa UNITA na FNLA husema “irmão”. Gari linasimama, bunduki zinanyanyuka, na aliyemo ndani lazima aseme neno moja kabla hajajua yuko mbele ya nani. Akikosea, basi. Kwa hiyo unakawia, unajifanya umekabwa na vumbi, unamsubiri mwenye bunduki atangulie yeye. Nimesoma maandishi mengi ya kitaalamu kuhusu vita vya Angola. Machache yamenifahamisha vita vile kama kizuizi hicho.

Humo humo yumo Carlota, askari msichana wa MPLA aliyepewa kazi ya kuwasindikiza waandishi mpaka Balombo. Waandishi walirudi, yeye akabaki, akauawa siku hiyohiyo. Kapuściński anaeleza jinsi walivyomwona mrembo ajabu. Kisha anakiri kwamba picha ziliposafishwa hakuonekana mrembo kiasi kile, na hakuna aliyethubutu kulisema, wasije wakaibomoa hadithi waliyokwisha kuijenga. Tafadhali lishikeni hilo. Mwandishi anatuonyesha mkono wake ukiwa kazini.

Miaka miwili baadaye mkono ule ukafichwa. Cesarz, cha 1978, kinasimulia kasri ya Haile Selassie kwa vinywa vya watumishi wake wa zamani: yupo aliyekuwa akifuta viatu vya waheshimiwa baada ya kijibwa cha mfalme, Lulu, kuvikojolea, yupo aliyetunza mito ya kuwekwa chini ya miguu ya mfalme asionekane ananing’inia kwenye kiti. Warsaw walikipokea kwa kicheko cha kujua. Kila msomaji aliona ni Gierek, kiongozi wa Polandi wakati huo, na kamati yake kuu wanaosemwa, na mdhibiti angeanzia wapi kuzuia kitabu kuhusu Ethiopia? Lakini Waethiopia na wanahistoria waliokisoma walishangaa. Watumishi wale wanazungumza lugha ya mapambo, Kipolandi cha kale kilichofufuliwa makusudi. Mfalme anaelezwa kuwa hasomi vitabu, ilhali alikuwa msomaji mwenye maktaba. Ni barua iliyoandikiwa Warsaw, ila bahasha imebandikwa jina la Addis Ababa, na mwenye jina hakuulizwa.

Mfano wa karibu zaidi kwetu umo katika Heban, katika sura ya Idi Amin. Anaeleza samaki mkubwa mnene aliyeletwa sokoni Kampala, na anatufahamisha kwamba samaki wa Ziwa Victoria walinenepa kwa miili iliyotupwa majini. Kwamba wauaji wa Amin walitupa miili majini, hilo ni kweli. Lakini unene! Mtu yeyote wa Mwanza angemwambia huyo ni sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, anayeweza kuzidi kilo 100, na aliyenenepa kwa kuwamaliza furu, samaki wadogo wa ziwa hilo. Artur Domosławski, mwanafunzi na rafiki yake, alilichambua suala hili na mengine katika wasifu alioutoa 2010, kitabu ambacho mjane wa Kapuściński alijaribu kukizuia mahakamani. Mwandishi Muingereza John Ryle alikuwa ametangulia kulalamika mwaka 2001, na mwandishi Binyavanga Wainaina wa Kenya hakumwonea haya hata kidogo.

Wapo wanaomtetea kwa kusema alikuwa mtu wa fasihi. Utetezi huo haunitoshi. Mwenyewe, katika utangulizi wa Heban, anasema bara hili ni kubwa mno kuelezwa kwa ujumla. Kurasa chache mbele, “Mwafrika” anaanza kufikiri hivi, kuogopa vile, bila jina wala kijiji.

Njia nyingine ilikuwapo. Wojciech Jagielski, mwandishi wa vita wa kizazi kilichofuata, alikwenda kaskazini mwa Uganda kuandika habari za watoto waliotekwa na waasi wa Joseph Kony. Kitabu chake kilitoka 2009. Kinamwambia msomaji bayana kwamba baadhi ya wahusika wameundwa kutokana na watu kadhaa wa kweli. Ni maelezo ya mistari michache tu. Cesarz kingekuwa nayo, kingebaki na nguvu yake yote, na Waethiopia wangekuwa na ugomvi mmoja pungufu.