Mbolea Iliyo Hai na Kazi Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mkutanoni)



Leo twataka kusema juu ya mbolea isiyoletwa na meli wala kujaza lori. Ni pakiti ndogo ya unga mweusi, na ndani yake mna vijidudu hai viitwavyo raizobia. Mkulima huzilowesha kidogo mbegu za maharagwe au soya kwa maji yenye sukari au gundi, akazipaka unga ule, akazipanda siku ile ile. Vijidudu huingia mizizini na kufanya vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Mahindi hayasaidiwi hivyo. Ni jamii ya kunde peke yake.

Kazi hii si ngeni kwetu. Kituo cha utafiti wake kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977, na pakiti za Biofix hutengenezwa Nakuru na kampuni ya MEA kwa idhini ya Chuo hicho. Unga unaobeba vijidudu hutokana na matope yanayobaki viwanda vya sukari vikisha kuchuja maji ya miwa. Basi ndugu zetu wa sukari nao wana mkono humo. Zimbabwe wana kiwanda chao Marondera tangu 1964.

Faida yake twaijua. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi 6,000, na wengi wetu tulipanda bila kitu. Hata hivyo biashara hii ingali ndogo. Kwa nini?

Kwanza, vijidudu hufa kwa joto. Pakiti ikiwekwa juani dukani, mkulima hununua vumbi tu, na msimu ujao harudi.

Pili, kuna udanganyifu. Kuanzia mwaka 2009 watafiti walipima bidhaa zaidi ya 100 za namna hii zilizouzwa Kenya, Nigeria na Ethiopia, na nyingi hazikuonyesha faida yo yote shambani.

Tatu, mbegu hupandwa kwa msimu. Mahali po pote kazi ikifuata msimu, mfanya kazi huwa kibarua: huitwa mvua ikikaribia, hufukuzwa mvua ikipita. Lakini vijidudu vyataka mikono safi iliyozoea. Mtu wa wiki mbili hawezi kujua uchafu ulioingia chomboni.

Kwa hiyo sisi twadai mambo matatu. Kila pakiti ipigwe tarehe ya mwisho, na duka lisilo na mahali pa baridi lisipewe mali hii. Serikali ipime kila bidhaa kabla ya kuuzwa. Na wafanya kazi wa viwanda hivi waandikwe kazi ya kudumu na kufundishwa.

Wengi wetu tuna shamba nyumbani. Pakiti iliyokufa hutuumiza mara mbili: shambani twakosa mavuno, kiwandani twakosa kazi. Ndugu, tarehe ya pakiti isomeni kabla ya kutoa fedha, na mkiikuta imepita, leteni habari tawini.