Kwa Nini Mkanda wa Msumeno Hupasuka na Kukatika

Hotuba kwa mafundi wa mbao na wenye karakana



Mkanda wa msumeno ukikatika, lawama huwaendea waliouuza. Mara nyingi chanzo kiko ndani ya karakana. Mkanda ukikatika kazini, fundi anaweza kuumia vibaya, kwa hiyo ni vyema sababu zijulikane.

Mkanda hupinda kila unapopita juu ya gurudumu, kisha hunyooka. Mkanda wa mita 4 unaokwenda mita 1,000 kwa dakika huzunguka mara 250. Kwa kuwa magurudumu ni mawili, hupinda mara 500 kwa dakika, yaani mara 30,000 kwa saa. Chuma huchoka, kama waya unaokunjwa huku na huku hadi ukatike.

Yako mambo manne yanayoharakisha uchovu huo.

La kwanza ni unene. Kwa kawaida, unene wa mkanda hauzidi sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la sentimita 50 linahitaji mkanda wa milimita 0.5.

La pili ni meno butu. Fundi hulazimika kusukuma mbao kwa nguvu, na mkanda huelemewa. Nyufa nyingi huanzia kwenye vibonde vilivyo kati ya meno, hasa pale tupa ilipoacha kona kali. Kibonde kinolewe kiwe cha mviringo.

La tatu ni kiungo. Mahali palipochomelewa huwa pagumu na huvunjika upesi. Pakishachomelewa, papashwe moto tena kwa kiasi, paachwe papoe polepole, kisha pasawazishwe.

La nne ni mkazo na uchafu. Mkanda hurefuka kwa joto la kazi, na ukipoa hujikaza zaidi. Kazi ikiisha, ulegezwe usiachwe umekazwa usiku kucha. Utomvu na unga wa mbao ulioganda kwenye magurudumu uondolewe, kwa sababu mkanda hupita juu yake kama gari kwenye matuta.

Mara nyingi ufa hutoa onyo. Ukisikika mlio wa tik-tik unaojirudia kwa mpigo ule ule, mashine izimwe mara moja. Watu wasogee mbali, na mlango wa magurudumu usifunguliwe hadi yasimame kabisa. Mkanda ukaguliwe wote, jino kwa jino. Wenye ufa usirudishwe kazini hata kama kuna mteja anayesubiri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Kifuniko kilichoondolewa ili kazi iende haraka kirudishwe leo. Mkanda mpya hununuliwa dukani; kidole hakiuzwi popote.