Paa Gani Litafaa Ghala Letu?

Mazungumzo ya kamati ya ujenzi mbele ya mkutano wa kijiji



Mlitutuma sisi wa kamati tuangalie habari ya paa la ghala letu. Nguzo ni za chuma, kuta ni za mabati. Bado paa tu. Tukikosea hapo, mahindi yataoza ndani, nasi tutabaki na jengo zuri lisilo na chakula.

Kwanza, umbo. Paa la upande mmoja ni rahisi kujenga, lakini linafaa banda dogo. Paa la pande nne hustahimili upepo, ila mabati mengi hupotea kwa kukatwakatwa. Paa la pande mbili hushusha maji huku na huku, na bati halipotei ovyo. Hilo ndilo tulilochagua.

Je, liinuke kiasi gani? Ghala lina upana wa meta 6. Toka ukutani hadi katikati ni meta 3. Kila meta moja tuinue sentimeta 25. Basi, 3 mara 25 ni 75. Mgongo wa paa utapita kuta kwa sentimeta 75. Paa likilala mno, maji hupenya kwenye maungio.

Pili, bati lenyewe. Hapa wengi hudanganyika. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba! Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Wapo wanaosema tununue geji 32, eti bei ni ndogo. Tunawaelewa, fedha ni zetu sote. Lakini bati jembamba hubonyea fundi akilikanyaga, na upepo hulichana. Sisi tunasema geji 28. Tukifika dukani tusome namba wenyewe. Kusoma tunajua.

Na mtu akitugawia bure mabati ya zamani ya asbesto, tukatae. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Tatu, kufunga. Tutumie skrubu zenye mpira. Zifungwe juu ya tuta la bati, siyo bondeni maji yanakopita.

Nne, hewa. Usiku bati hupoa, mvuke wa ndani hugeuka matone na kudondokea magunia. Hivyo mahindi yanalowa hata mvua isiponyesha. Tuache matundu chini ya mgongo wa paa, tuyawekee wavu ili ndege na panya wasiingie. Na mahindi yakauke vizuri kabla ya kuingizwa ghalani.

Ndugu, fedha tulizo nazo zinatosha geji 32 tu. Tunaomba kila nyumba iongeze debe moja la mahindi tuuze, tupate geji 28. Debe moja leo, au magunia mabovu kesho? Mkutano uamue.