Daftari na Mtoto: Mada juu ya Urasimu katika Shule za Visiwa vya Lamu



Watu wa visiwa hivi si wageni wa karatasi. Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ulikuwa zamani mji wa wanavyuoni na wa wanakili wa misahafu, na hati za mauzo ya nyumba na mashamba zilipita chini ya kalamu ya kadhi kabla Mwingereza hajaja na majalada yake. Basi nisemapo kuwa karatasi za shule zimewaelemea walimu na watoto wetu, nisidhaniwe kuwa nawatamania watu hali ya kutoandika. Nisemalo ni kwamba namna shule inavyoendeshwa ni somo kamili, ambalo mtoto hulisoma kila siku pasipo mtu kumfundisha, na aghalabu hulihifadhi kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Yafaa tutazame kwanza chuo cha Kurani, maana ndicho kilichotulea wengi wetu. Mwalimu wa chuo alikuwa na dhamana mbele ya watu aliokuwa akiwaona kwa macho: mzazi alimleta mwanawe kwa mkono, akamkabidhi, na siku mtoto alipohitimu mtaa mzima ulijua, kwa kuwa alisoma na watu wakasikia, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo na yeyote aliyekuwa akijua. Walakini tusikisifu kupita kiasi. Elimu ya juu ya dini ilikuwa na mabawabu wake, na asiye na nasaba ya kutajika hakukaribishwa sana ndani. Ndiyo sababu kazi ya Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija akafanya makazi yake Amu, yaani mji wa Lamu, na kuasisi msikiti na chuo cha Riyadha, ilikuwa na kishindo kikubwa, kwani aliwakalisha mbele yake watu ambao wakubwa wa mji hawakuwa wakiwahesabu kuwa ni wa kusomeshwa. Na hapo sharti niitoe insafu kwa daftari la serikali: daftari haliulizi ukoo. Mwaka 2003, karo ilipoondolewa katika shule za msingi, jina la mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Ndau liliandikwa kwa wino ule ule ulioliandika jina la mtoto wa tajiri wa mtaa wa Mkomani, Amu, na hilo si jambo dogo kwa ajuaye tulikotoka.

Lakini daftari la zama hizi silo lile lililokuwa likikaa juu ya meza ya mwalimu mkuu. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilileta mfumo wa taarifa za elimu uitwao NEMIS, ambao ulimpa kila mwanafunzi nambari yake katika tarakilishi. Fedha za serikali, ambazo kwa viwango vilivyotangazwa zilikuwa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 22,244 kwa wa sekondari, zikafungamanishwa na nambari hiyo, na nambari nayo ikafungamanishwa na cheti cha kuzaliwa. Madhumuni yake yalikuwa mema, kwani wanafunzi hewa, yaani majina yasiyo na watoto, ni wizi, na wizi huo huwala watoto walio hai. Tatizo ni kwamba aliyeutunga mfumo alimfikiri mtoto aliyezaliwa hospitalini, na ofisi iliyo mwendo wa dakika chache kwa basi. Hakumfikiri mtoto aliyezaliwa nyumbani katika kisiwa cha Kiwayu mikononi mwa mkunga, ambaye miezi 6 ya kuandikisha uzazi ilimpita mama yake akiwa bado na shughuli za kumlea. Wala hakumfikiri mwalimu mkuu, ambaye katika shule ndogo ndiye pia mwalimu wa darasa, akiacha wanafunzi wake kufuata muhuri mjini Faza au Amu, akingoja maji yajae ndipo mashua ipite mlango wa Mkanda, akifika akaambiwa kuwa mtandao umelala au karani yumo safarini.

Na mtoto mwenyewe je? Aghalabu hafukuzwi, maana walimu wetu ni watu wenye huruma, bali huachwa akae na kusoma bila ya kuhesabiwa. Matokeo yake ni kwamba shule yenye watoto 100 madarasani, ikiwa 80 tu ndio wenye nambari, hupata fedha za 80 na kuzitumia kwa 100, na waliosalia hula sehemu ya wenzao. Watoto hulijua jambo hili. Hujua nani aitwaye kila mara ofisini kuulizwa cheti, na nani asiyeitwa. Na yule aitwaye hufahamu, kabla hajajua kugawanya kwa mafungu, kwamba kukaa kwake juu ya dawati, kujibu kwake maswali, na kujulikana kwake na kila mtu kijijini havikutosha kuthibitisha kuwa yupo. Hilo ndilo somo nilisemalo. Sidhani kama yuko mtaalamu wa mitaala aliyekusudia lisomeshwe.

Tumgeukie mwalimu, na tuanzie mbali. Uingereza, mwaka 1862, ilipitisha kanuni mpya za elimu chini ya Robert Lowe, ambazo kwazo ruzuku ya shule ilitegemea mahudhurio ya watoto na kufaulu kwao mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Matthew Arnold, mshairi ambaye riziki yake ilikuwa ukaguzi wa shule, alizilaumu kanuni hizo tangu mwanzo, akiona jinsi ufundishaji ulivyokuwa ukigeuka kazi ya mashine. Na watoto walikuwa wakikihifadhi kitabu cha kusomea moyoni ili, mkaguzi ajapo, waonekane kuwa wanasoma. Waingereza waliziacha kanuni hizo kabla ya karne kwisha. Sisi twazirudia kwa vyombo vipya. Tangu 2016 Tume ya Huduma za Walimu humtaka mwalimu apimwe utendaji wake kwa fomu za mtandaoni, na ithibati za utendaji huo ni azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, sajili ya mahudhurio na rekodi ya maendeleo ya mwanafunzi. Kila moja ya karatasi hizi, ikitazamwa peke yake, ina hekima. Sijapata kumwona mwalimu mwema asiyejiandaa. Zikikusanywa pamoja, humfanya mwalimu awe na mabwana wawili, mmoja aliye mbele yake mwenye umri wa miaka 9, na mwingine aliye mbali mwenye uwezo wa kumpandisha cheo au kumnyima. Na binadamu yeyote aweza kubashiri ni yupi atakayetumikiwa kwanza.

Jambo lenye kejeli zaidi ni kuwa mageuzi yaliyokusudiwa kutuokoa na mtihani ndiyo yaliyozidisha maandishi. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliowatawala watoto wa Kenya tangu 1985 hadi 2023, ulikuwa mkali, ila ulikuwa siku chache. Mtaala wa umilisi ulioshika mahali pake wataka mtoto atazamwe kidogo kidogo, na tathmini ya KPSEA ya mwisho wa gredi ya 6 ilipofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, asilimia 60 ya alama zilikusudiwa kutoka katika tathmini za shuleni za gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Fikra hii ni nzuri mno, na ina undugu na chuo cha kale, ambapo mwalimu alimjua mwanafunzi kwa kumsikiliza. Lakini kumtazama mtoto kwataka wakati, na kuuandika utazamaji huo kwataka wakati mwingine, na pale ambapo mwalimu mmoja anashika madarasa mawili, wakati wa pili huula wa kwanza. Basi huandika usiku, mtandao unapopatikana, kwamba fulani amefikia matarajio na fulani anakaribia, akikisia kwa majina, na karatasi hupokewa kwa kuwa imejaa.

Siku ya mkaguzi ndiyo siku ya somo kubwa. Kuta hupambwa, madaftari hufunikwa upya, na watoto huonyeshwa nani anyooshe mkono. Mtoto hupeleka nyumbani elimu ya siku hiyo akiwa na yakini nayo.

Kuna pia suala la majira. Mihula ya shule haikuwekwa kwa hesabu ya kaskazi na kusi, na Mbajuni aendaye dago, yaani kambi ya wavuvi ya msimu, huchukua ahali zake, wakati mwingine na mtoto wa shule. Mtoto huyo angeweza kusoma katika shule iliyo karibu na dago kwa miezi ile. Ila kuhamishwa katika mfumo kwahitaji shule ya kwanza imwachilie na ya pili impokee, nao utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya mtu ahamaye mara moja, si kwa watu ambao kuhama na kurudi ndiyo maisha yao. Kwa hiyo huandikwa mtoro.

Na wako ambao hata utoro hawakuandikiwa. Baada ya mashambulio ya wanamgambo katika kaunti ya Lamu mwaka 2014, shule za wadi ya Basuba, zilizokuwa za watoto wa jamii ya Waboni, zilifungwa, walimu wakaondoka, na baadhi ya shule hizo zikakaa hivyo miaka kwa miaka. Mfumo unaohesabu waliomo shuleni hauna safu ya waliofungiwa shule.

Nashauri mambo mawili. La kwanza, mtoto aandikwe na apewe fungu lake siku anapoingia darasani, kwa ushahidi wa mkunga, imamu na mzee wa kijiji, na cheti kifuate. Na karani wa vizazi ndiye apande mashua kuwafuata watu wa Ndau, Kiwayu na Mkokoni kila msimu bahari inapotulia, kwa kuwa petroli ya safari yake moja ni rahisi kuliko nauli za kina mama wote hao. La pili, karatasi za mwalimu zipunguzwe ziwe zile ambazo yeye mwenyewe angezifungua tena asubuhi ya pili, na mkaguzi akija asikae ofisini, akae nyuma ya darasa asikilize, kisha akae barazani na wazazi.

Najua pingamizi la ushauri wangu wa kwanza, nalo ni zito: ushahidi wa watu watatu waweza kununuliwa, na wanafunzi hewa wakarudi kwa mlango huo huo. Sina jawabu lililokamilika. Nadhani kijiji ambacho majina ya watoto wake yatabandikwa msikitini na shuleni, na fungu la kila mmoja likaandikwa kando ya jina, kitakuwa mkaguzi mkali kuliko tarakilishi. Lakini wamo humu walimu wakuu na wazee waijuao hali ya vijiji vyao kuliko mimi, na ningependa mjadala uanzie hapo.