Muuguzi Mpya na Dhamiri Yake



Mada tuliyopewa ni namna ya kuwafundisha maadili wauguzi wanaoanza kazi. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini jambo hili lisiachiwe vyuo vya uuguzi. Tunalileta mbele yenu kwa sababu wauguzi hao ni watoto wetu, na wagonjwa wanaowahudumia ni sisi wenyewe. Mtu aliyelazwa hana nguvu ya kudai haki yake. Usiku wa manane haki hiyo imo mikononi mwa kijana wa miaka 22 aliye kwenye zamu.

Tusidhani kwamba maadili hayafundishwi. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa mwaka 1899, lilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953, na limeendelea kuzirekebisha hadi toleo la mwaka 2021. Vyuoni wanafunzi hujifunza misingi minne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kuwatendea watu wote kwa haki. Misingi hiyo wanaijua kwa moyo. Shida huanza wanapoingia wodini, kwa maana wodi nayo ni mwalimu, na pengine somo lake hupingana na la darasani.

Tuchukue mfano. Muuguzi mpya ana wagonjwa wengi kuliko awezavyo kuwahudumia. Dawa ambayo mtoto mmoja alipaswa kupewa saa kumi na mbili jioni haikutolewa. Anamweleza mwenzake wa siku nyingi, naye anamjibu: "Andika tu kwamba umempa." Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini anayeingia zamu ya usiku atasoma chati, ataiamini, wala hatampa mtoto dawa ile. Asubuhi daktari ataona homa haijashuka, atadhani dawa haifai, na huenda akaibadilisha. Uongo wa mstari mmoja umepita mikononi mwa watu watatu, na anayeulipia ni mtoto asiyeweza kujisemea. Muuguzi yule hakukosa elimu. Alikosa ujasiri wa kusema "nimechelewa", na alikosa mkubwa ambaye angelipokea neno hilo bila kumdhalilisha.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Kumfundisha muuguzi maadili ni zaidi ya kumpa orodha ya makatazo. Ni kumzoeza kuona, kupima na kusema, na kumhakikishia kwamba akisema ukweli hataachwa peke yake.

Wako wanaosema kwamba muuguzi akiwa na huruma na utii, yatosha. Historia yatuonya. Mwaka 1932, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa ya kawaida ya kaswende, lakini wao hawakupewa, kwa sababu wachunguzi walitaka kuona ugonjwa ungewafikisha wapi. Uchunguzi huo ulisimamishwa mwaka 1972, baada ya magazeti kuufichua. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Katika kazi hiyo alikuwamo muuguzi Eunice Rivers, mweusi kama wagonjwa wake. Kwa miongo kadhaa aliwabeba garini, akawatembelea majumbani na kuwafariji, nao walimwamini. Hatuna sababu ya kuiita huruma yake ya uongo. Lakini alilelewa katika uuguzi wa zama ambazo muuguzi alifundishwa kumtii daktari, na imani waliyokuwa nayo wagonjwa kwake ndiyo iliyowafanya waendelee kuja. Tusimtwike yeye mzigo wote, kwa maana walioamua walikuwa wakubwa wake. Hata hivyo kila muuguzi mpya anapaswa kuisikia habari hii, ajue kwamba huruma isiyouliza maswali yaweza kutumiwa dhidi ya wale wale inaowahurumia.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, Nairobi, iliamua kwamba haki za akina mama wawili zilikiukwa walipozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua, kwa kuwa walishindwa kulipa bili. Sasa tujiulize: amri ya namna hiyo inapotolewa, ni nani anayeitekeleza? Anayeitoa yumo ofisini. Anayemtazama mama machoni na kumwambia "huendi nyumbani" ni muuguzi, na pengine ni yule aliyeanza kazi mwezi uliopita.

Hospitali nyingi nchini ni za makanisa, na baadhi yenu mnaketi katika bodi zake. Twajua kwamba hospitali isiyolipwa hatimaye hufungwa. Lakini deni lina njia zake za kudaiwa, na mwili wa mtu si rehani. Bodi inayomwagiza muuguzi kumfungia mama mlango imekwisha kumfundisha somo ambalo chuo hakitalifuta kwa urahisi.

Nini basi kifanyike? Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, maadili yafundishwe kwa mikasa ya kazini. Wengi wenu mnaijua njia ya kuona, kupima na kutenda, aliyoifundisha padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji kwa vijana wafanyakazi. Njia hiyo yafaa wodini. Mara moja kwa juma, baada ya zamu, wauguzi wakae nusu saa na kuulizana, bila kutaja jina la mgonjwa: Tumeona nini kilichotusumbua? Ni nani aliyeumia? Sheria na kanuni zinasemaje? Tungeweza kutenda nini, na tumwambie nani?

Pili, kila muuguzi mpya apewe mlezi kwa miezi yake ya kwanza. Mlezi huyo achaguliwe kwa mwenendo wake, wala si kwa wingi wa miaka yake kazini.

Tatu, pawe na njia ya wazi ya kutoa taarifa ya kosa. Anayekiri kosa mapema, mgonjwa angali anaweza kusaidiwa, asitendewe sawa na anayelificha. Pia tusidai dhamiri ifanye kazi ya wafanyakazi wasiokuwapo. Tangu mwaka 2013 serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kuendesha hospitali nyingi za umma. Zinapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, viongozi wa walei waende wakaulize ni wauguzi wangapi wanaobaki zamu ya usiku, na kwa wagonjwa wangapi.

Nne, tujitazame sisi wenyewe. Tunapokutana na muuguzi wa mtaani kwetu tunamwuliza, "Yule jirani amelazwa kwa ugonjwa gani?" Tukifika hospitalini tunamtafuta mpwa wetu atupitishe mbele ya waliopanga foleni tangu alfajiri. Tukihudumiwa tunampenyezea "chai". Kisha tunalalamika kwamba wauguzi wa siku hizi hawana maadili. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana aliyezoeshwa na ndugu zake kutoa siri na kupokea bahasha ataibeba desturi hiyo hadi kitandani pa mgonjwa. Tuzoee kumwambia, "Mwanangu, usiniambie." Neno hilo lina nguvu kama mafunzo ya muhula mzima.

Ndugu wapendwa, ipo siku kila mmoja wetu atalala kitandani asiweze hata kuisoma chati yake mwenyewe. Siku hiyo tutamtegemea mtu ambaye tulishiriki kumlea. Tunawaomba mkayatafakari haya katika jumuiya zenu, mkiongozwa na maswali yafuatayo:

1. Ni lini tulimshawishi muuguzi avunje kanuni za kazi yake kwa faida yetu?
2. Katika hospitali iliyo karibu nasi, muuguzi mpya anayeona dhuluma amwendee nani?
3. Mama aliyeshindwa kulipa bili asaidiweje, ili hospitali ilipwe naye arudi kwake na mtoto wake?