Kurudi Kazini Baada ya Kuumia

Leo tuzungumze juu ya mtu aliyeumia akabaki na ulemavu, na sasa anataka kurudi kazini.

Tuchukue mfano wa mama anayefunga maua katika shamba moja la maua. Aliteleza kazini akavunjika mguu vibaya. Kidonda kimepona, lakini anatembea kwa gongo na hawezi kusimama kutwa. Msimamizi anamwambia, "Kazi hii huiwezi tena. Tia sahihi hapa, uende ukapumzike."

Mama, usitie sahihi! Huenda karatasi hiyo ni barua ya kuacha kazi kwa hiari yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema ulemavu si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi. Ni hivyo hata kama ulemavu umeletwa na kiharusi au ajali ya barabarani.

Kwanza, mwombe daktari barua inayoeleza mambo mawili: kazi ambayo mgonjwa asifanye, na kazi anayoiweza. La pili lisisahaulike, maana ndilo linalomfungulia mlango.

Pili, mwendeeni mwajiri na maombi yaliyo wazi. Mama huyu anahitaji kiti kirefu kwenye meza ya kufungia maua, nafasi ya kunyoosha mguu, na nusu siku ya kazi katika wiki za kwanza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa.

Tatu, kwa aliyeumia kazini, iko sheria ya fidia ya 2007, ile tunayoiita WIBA. Mwajiri akishajulishwa ajali, ana siku 7 kuiripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Mwajiri akikataa kusikia, nendeni ofisi ya leba. Wekeni nakala ya kila barua.

Nawe unayemuuguza, usimfanyie kila kitu. Kwa kufuata ushauri wa daktari, mwache avae mwenyewe, amenye viazi, atembee hadi dukani. Anajiandaa kurudi kazini akiwa bado nyumbani.

Mwambie na jirani. Kwaherini.