Mpiga Ngoma wa New Orleans

Wasikilizaji wetu, mtu asikiapo muziki wa jazi, sikio lake hufuata kwanza tarumbeta, kwa kuwa ndiyo ipazayo sauti. Mpiga ngoma huketi nyuma, na wengi hawamwulizi hata jina. Leo twapenda kuwasimulia habari za mmoja wao, Warren Dodds. Kwa kuwa baba yake naye aliitwa Warren, watu walimwita yeye Baby, maana yake mtoto mchanga, na jina hilo likamganda hata uzeeni.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1898 katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani. Zamani za utumwa, watu waliotoka Afrika walikuwa wakikusanyika siku za Jumapili katika uwanja wa mji ule uitwao Congo Square, wakicheza ngoma zao. Alipozaliwa Dodds ngoma zile zilikuwa zimekwisha kunyamaza, lakini bendi zilipita njiani mara kwa mara, na hata maiti alisindikizwa kwa tarumbeta. Kaka yake, Johnny, alipata zumari la Kizungu liitwalo klarineti. Baby hakuwa na kitu. Basi akatwaa kopo la mafuta, akalitoboa matundu, akang'oa miti ya viti vya mama yake iwe vijiti vya kupigia. Viti vilipata hasara, lakini ngoma ikalia! Baadaye akafanya kazi katika kiwanda cha magunia, akaweka akiba, akanunua ngoma za kweli.

Hapa yafaa tueleze jambo moja. Katika ngoma zetu msondo una mpigaji wake, na chapuo ina wake. Na bendi za njiani za New Orleans zilikuwa vivyo hivyo, mmoja akibeba ngoma kubwa, mwingine ndogo. Lakini katika nyumba za dansi mtu mmoja aliketi akazipiga zote. Lililomwezesha ni kanyagio la mguu, na kanyagio jema la kampuni ya Ludwig lilianza kuuzwa mwaka 1909. Mguu hupiga ngoma kubwa, na mikono hubaki huru kwa ngoma ndogo, matuazi na vibao vya mti.

Mwaka 1918 Dodds aliajiriwa katika meli za anasa za mto Mississippi, katika bendi ya Fate Marable, aliyetaka kila mtu ajue kusoma muziki karatasini. Humo alikuwamo kijana Louis Armstrong, ambaye jina lake lilienea baadaye ulimwenguni kote. Mwaka 1921 vijana hao wawili waliiacha kazi ile pamoja, wasikubaliane na wakubwa wao juu ya namna ya kupiga. Kisha Dodds akaingia bendi ya King Oliver, na mwaka 1922 ikawa Chicago, katika ukumbi wa Lincoln Gardens, Oliver na Armstrong wakipiga pamoja, na Johnny akiwa kwenye klarineti. Vijana wa Kizungu, kama Dave Tough na George Wettling, walikuja kumtazama Dodds ili wajifunze.

Walijifunza nini? Si kishindo. Dodds aliamini kwamba mpiga ngoma hana budi kumsikiliza kila mwenziwe na kumpa kila mmoja mpigo umfaao. Klarineti ikipokea wimbo, yeye hubadili. Tarumbeta ikirudi, hubadili tena, asiache mwendo kuanguka.

Tarehe 5 Aprili 1923 bendi ile ilikuwa mjini Richmond, katika jimbo la Indiana, kutiwa katika sahani za santuri na kampuni ya Gennett. Siku zile mtambo wa kunasa sauti haukuwa wa umeme. Wapigaji walisimama mbele ya pembe kubwa ya bati. Sauti iliingia ndani yake, ikatikisa kiwambo, na kiwambo kikaitikisa sindano iliyochora mfuo katika nta. Armstrong, kwa nguvu za pumzi zake, alisimamishwa mbali na wenzake. Ngoma kubwa ilileta taabu zaidi, kwani kishindo chake kingeweza kuirusha sindano, na kazi yote ikaharibika. Basi Dodds akazuiwa kuipiga, akabaki na vibao vya mti.

Ndiyo sababu mtu azisikilizapo sahani zile husikia tarumbeta na klarineti, na nyuma yake mgoto mdogo, kama mtu abishaye hodi kwa kidole. Amhukumuye Dodds kwa sahani zile amemfunga mtu kinywa, kisha amwita bubu. Mtambo wa umeme ulianza kutumika mwaka 1925, na Mei 1927 Dodds alipiga katika bendi ya Armstrong iitwayo Hot Seven; lakini hata humo twasikia matuazi kuliko ngoma.

Kisha dunia ikaingia dhiki ya fedha baada ya mwaka 1929. Kumbi nyingi zilifungwa, na ndugu hao wakashika pia kazi ya teksi mjini Chicago. Johnny akafa mwaka 1940. Lakini watu walianza kuutamani muziki wa zamani, na Dodds akaitwa tena, akapiga pamoja na mzee Bunk Johnson mwaka 1944 na 1945.

Hata mwaka 1946 likafanyika jambo lililostahili kufanywa tangu Richmond. Dodds aliketishwa peke yake mbele ya mtambo, bila tarumbeta wala klarineti, akaambiwa apige na kueleza. Akaeleza kwa kinywa chake kazi ya kila ngoma na kila tuazi, kisha akazipiga, pamoja na ile ngoma kubwa.

Mwaka 1948 alisafiri mpaka Ufaransa. Mwaka uliofuata akapatwa na kiharusi, na nguvu zake zikapungua. Alikufa Chicago tarehe 14 Februari 1959, na mwaka huo huo kikatoka kitabu cha maisha yake, alichomsimulia Larry Gara. Sahani za mwaka 1946 zapatikana hata leo, na sauti yake imo ndani yake, akinena taratibu baina ya mpigo na mpigo.